Tusingoje watu wazuri kwa kujenga mutandao wetu

Wandugu na wadada wa Kirumba, wa Butembo, wa Beni, na nyinyi wote mulikimbia na munasoma maneno haya kwa simu ya kuazima,

Munakumbuka mwisho wa mwaka 2018. Tarehe 26 Desemba CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na inchi yote, juu ya Ebola na usalama, kwamba zingoje mpaka mwezi wa tatu. Tarehe 30 watu wa Beni wakajipanga wenyewe, wakaweka masanduku, wakanawa mikono, wakasimama mustari na kupiga kura yao, ili inchi ione kama mustari hauuwi mutu. Kesho yake, 31 Desemba, intaneti ikakatwa inchi nzima, na SMS vilevile. Ilidumu karibu siku 20. Mwenye hakutuma picha zake siku ile ya kura alibaki nazo ndani ya simu, na huku inje uvumi ulitembea kwa miguu, nyumba kwa nyumba.

Haikuwa mara ya kwanza, Januari 2015 walikata pia. Tangu hapo, katika kila mukutano wa vijana nimehuzuria, mutu mumoja lazima anasimama na kusema: "Tujenge mutandao wetu, wenye hauna shina moja ya kukatwa!" Watu wanapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Na maneno ni ya kweli: hata Starlink, yenye serikali ilikataza mwaka 2024 na kuruhusu mwaka 2025, iko na shina moja tu, kampuni moja.

Lakini kuna kitu tunasahau kisha makofi. Mutandao wenye hauna mukubwa, hauna pia mutu wa kulazimisha wengine wafanye kazi. Kila simu na kila antena iko na mwenyewe, na mwenyewe anafikiri kwanza juu ya batri yake. Tusipojibu jambo hilo, hata watupatie mashine za bure, mutandao wetu utakufa mbele serikali haijaugusa.

Niseme wazi. Ziko programu zenye kupitisha ujumbe simu kwa simu kwa njia ya Bluetooth, bila mega, bila antena ya kampuni. Vijana wa Hong Kong walitumia moja yao, FireChat, katika maandamano ya 2014. Ujumbe wangu unaruka kwa simu ya jirani, toka hapo kwa simu ya mama wa soko, mpaka unafika kwa mwenye ninamutafuta. Ni jambo nzuri sana. Sasa jiulize: kuchaji simu ni franka 500 kwa kijana mwenye pano ya jua, na magharibi pano yake imekwisha kulala. Nani ataacha Bluetooth wazi siku nzima ili maneno ya mutu asiyemujua yapite? Hapati kitu. Akiifunga, ujumbe wake mwenyewe bado utabebwa na wengine. Basi anafunga. Wewe pia unafunga, na mimi. Na tukifunga wote, hakuna tena mutandao, zinabaki paka simu zenye kulala mufukoni.

Tena tusikimbilie kuita hiyo yote ubinafsi. Kwetu simu inafunguliwa kwa barieri. Mwenye kubeba katika simu yake maneno ya watu asiowajua anabeba na hatari yao. Mwaka 2020 wataalamu wa usalama wa kompyuta walionyesha kwamba ujumbe wa Bridgefy, programu ingine ya aina hiyo, uliweza kusomwa na kufuatwa na mutu mwingine. Kwa mutu wa Kirumba, muji wenye uliingia mikononi mwa M23 mwisho wa mwezi wa sita 2024, habari kama hiyo si ya kusoma na kupita. Bei ya kumusaidia jirani iko na sehemu tatu: batri, mega, na shingo yako.

Mwenye amesafiri kwa RN2 wakati wa mvua, kati ya Kirumba na Lubero, amekwisha kuona somo lote. Gari kubwa ikizama katika matope, madereva wa nyuma wanashuka. Mumoja analeta mbao, mwingine jeki, mwingine kamba. Wanamutukana mwenye kuzama, lakini wanasukuma. Hakuna mutu aliwahubiria. Njia ni moja, huyu akikwama wote wamekwama, na viazi vinaoza. Sasa angalia kijana wa pikipiki: anapita pembeni, anapiga honi, anaenda zake. Si mubaya kupita madereva. Matope ya mwenzake hayamuzuie, basi. Mutandao wa Bluetooth unatufanya sisi wote kuwa watu wa pikipiki. Kazi yetu ni kutafuta kanuni yenye itamufanya kila mutu akae ndani ya gari.

(Na musiniambie salongo. Salongo tunaijua: shefu mwenyewe haonekani, na faini ya mwenye kukosa hatujui inalala wapi. Ndiyo maana siku hizi ukisema "tuchange", mutu anashika mufuko wake.)

Mimi sijajifunza jambo hili katika kitabu. Mwaka 2022, pale Kirumba, tulikuwa vijana 12. Kila mumoja alitoa dola 10 kwa mwezi, tukanunua intaneti ya pamoja, antena juu ya nyumba ya yaya mumoja. Mwezi wa kwanza ilikuwa furaha tupu. Mwezi wa pili kode ilikuwa imefika kwa mabinamu, kwa wapangaji, kwa wanafunzi wa shule ya jirani. Mumoja wetu, simutaji juu ni rafiki yangu, alikuwa anashusha filamu usiku kucha. Asubuhi mama mwenye alitaka kujua bei ya maharagwe Butembo anangoja dakika kumi. Mwezi wa nne tulikuwa watano wa kulipa.

Tulifanya nini? Mikutano. Tuliomba, tulihubiri upendo, tulisoma majina ya wasiolipa. Lakini wenye walikuja mukutanoni walikuwa wale watano. Wengine walibaki nyumbani, wanatumia intaneti. Mwezi wa sita deni lilitushinda na waya ikakatwa.

Niliwakasirikia watu kwa muda murefu. Nilisema kile sisi wote tunapenda kusema, kwamba sisi Wakongomani njo tuko hivi. Kumbe hapana. Mwaka 2000, watafiti wawili wa kampuni ya Xerox huko Marekani, Eytan Adar na Bernardo Huberman, walipima Gnutella, mutandao wa kugawana miziki wenye haukuwa na mukubwa. Karibu watumiaji 70 katika 100 hawakutoa faili hata moja. Karibu nusu ya majibu yote ilitoka kwa mutu 1 katika 100. Na hao hawakuwa watu wa kuchaji simu kwa franka 500. Kwa hiyo kosa letu la Kirumba lilikuwa katika kanuni: mwenye kulipa na asiyelipa walipata kitu kimoja, kwa mwendo mumoja. Tuliwaalika watu wasilipe.

Mwaka 2001 Mumarekani mumoja, Bram Cohen, alitoa BitTorrent, na humo njo nimeona akili. Faili kubwa inakatwa vipande. Kila kompyuta inaangalia: nani ananipa vipande mbio kupita wengine? Hao wachache njo nitawapa vyangu. Kila sekunde 10 inahesabu upya. Asiyetoa hatukanwi, hafukuzwi, anapokea tu polepole mpaka yeye mwenyewe anachoka. Kisha kuna mulango mudogo. Kila sekunde 30 kompyuta inachagua mutu mwingine kwa bahati na kumupa kidogo, hata kama hajatoa kitu. Juu ya nini? Juu mugeni anafika mikono mitupu. Hana kipande cha kutoa, na pasipo ule mulango hataingia kamwe, wala sisi hatutajua kama labda yeye njo angekuwa mutoaji mukubwa kupita wote. Ile sehemu ninaipenda kupita ingine zote, labda juu mimi pia nilifika Butembo na mufuko mumoja tu.

Mama zetu wa soko wanayajua haya bila kompyuta. Katika likelemba, hatari ni mwenye kula wa kwanza na kupotea. Kwa hiyo mupya anapewa namba ya mwisho, na namba za kwanza zinaenda kwa wenye meza. Meza haikimbii. Lakini wamama wako na kitu kimoja chenye mutandao hauna: uso. Kwa mutandao, mutu anabadilisha jina kama shati. Leo amedanganya, kesho anarudi na kadi ingine ya SIM kama mugeni, anapita tena kwa ule mulango mudogo. Au anajifanya watu kumi kwa mara moja. John Douceur wa Microsoft aliliandika tatizo hilo mwaka 2002, na hata leo halina dawa ya bure: ukitaka jina liheshimiwe, sharti jina liwe na bei. Kwa soko bei ya jina ni meza na miaka.

Na mufano mukubwa kupita yote uko kwetu Lubero, ni vile tu hatuusemi. Hifadhi ya Virunga ilijenga kituo cha umeme cha Luviro, zaidi ya megawati 14 toka maji ya muto. Mwaka 2020 umeme ulikuwako lakini nyaya hazikuwa zimefika kwa wanunuzi wa kutosha, na korona ilikuwa imefunga utalii. Basi hifadhi ikaweka pale makontena yenye kujaa kompyuta za bitcoin.

Kompyuta hizo zinafanya nini? Tangu mwaka 2009, mashine za watu wasiojuana na wasioaminiana, duniani kote, zinashika daftari moja la hesabu bila mukubwa. Karibu kila dakika 10 mashine moja inashinda haki ya kuandika ukurasa mupya, na inalipwa: bitcoin 50 hapo mwanzo, 3.125 tangu Aprili 2024. Kwa kujaribu tu, sharti uchome umeme. Ukiandika uongo, wengine wanakagua, wanakataa ukurasa wako, na umeme wako umekwenda bure. Hapo mwizi anakaa chini, anapiga hesabu, anaona kwamba kushika kanuni kunamulipa kupita kuiba. Mwenye kuandika mupango huu mwaka 2008 kwa jina la Satoshi Nakamoto hakuomba mutu yeyote awe muzuri. Alihesabu tamaa, akaifungia kazi kama ng'ombe wa kulima.

Haina maana kwamba ng'ombe haponyoki. Mwaka 2013 Ittay Eyal na Emin Gün Sirer walionyesha kwamba kikundi chenye nguvu hata isiyofika nusu kinaweza kupata faida kwa kuficha kurasa zake na kuzitoa kwa werevu. Mwaka 2014 kikundi kimoja, GHash.IO, kilikaribia kushika nusu ya nguvu zote, na watu wakaogopa, wengine wakatoka wenyewe, juu kama imani ya daftari ikianguka, bitcoin ya kila mutu inaanguka nayo. Umeona? Matope yalikuwa yamefunga njia ya wote.

Sihubiri bitcoin hapa. Kijana akija kukuambia uuze mbuzi ununue bitcoin, mupatie chai na umusindikize. Tena kuna jambo la Luviro lenye linaniuma. Hifadhi inasema pesa ile iliisaidia kulipa kazi zake wakati watalii walikosekana, na ninaielewa. Lakini katika teritwari lenye nyumba nyingi bado zinawasha koroboi, maji yetu yalifanya kazi kwa daftari la dunia nzima. Daftari halikukosea. Lilimulipa mwenye kompyuta juu hiyo tu njo linajua kuhesabu. Mama wa koroboi hayuko katika hesabu yake. Kanuni ya malipo inakupa kile unahesabu, haikupi kile ulikuwa unafikiri moyoni. Kwa hiyo swali la kwanza la mutandao wetu si mashine gani tununue. Ni hili: tutahesabu nini?

Huku Butembo tumejaribu tena. Tuko nyumba tisa katika kartie moja, wengi wetu tulitoka kusini ya Lubero. Safari hii tulikaa siku mbili kuandika kanuni mbele ya kununua hata mutaa moja ya waya. Malipo ni dola 2 kwa juma, si 10 kwa mwezi, juu mufuko wa mukimbizi haujui mwezi. Kode inabadilika kila Jumatatu na inafungua simu mbili tu kwa nyumba. Ukimupa binamu, umejipunguza wewe mwenyewe. Asiyelipa hakatwi: mwendo wake unashuka mpaka anabaki na maneno ya WhatsApp bila picha, bila video. Mwenye kufika mupya anapewa juma moja la bure, lakini sharti nyumba moja kati ya tisa imujibie. Hiyo njo meza yake. Usiku wenye kusikika masasi, milango yote inafunguliwa kwa wote, mwenye kulipa na asiyelipa, na hapo hakuna mabishano.

Kitu kikubwa ni hiki. Mwenye kuweka ruta ya pili juu ya paa lake, ili ipeleke intaneti kwa nyumba za mbele, analipa nusu. Lakini ni kwa saa zenye ruta inawaka kweli, na ruta yenyewe njo inahesabu. Akiizima kwa kulinda batri yake, punguzo linazimika nayo. Kila Jumamosi hesabu zote zinawekwa kwa grupu, pamoja na zangu. Profesa Elinor Ostrom, mwenye alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza wavuvi na wakulima wa mifereji kwa miaka mingi, akaona kwamba watu wa kawaida wanaweza kulinda mali ya pamoja bila serikali na bila kampuni, kama wanaonana matendo na kama adhabu inaanza ndogo. Sisi tulifika hapo kwa kuanguka kwanza.

Ni mwezi wa nane sasa. Nyumba nane katika tisa zinalipa. Na yule rafiki yangu wa filamu, mwenye alituua kule Kirumba? Yeye njo yuko na ruta ya pili juu ya paa lake, na saa zake zinapita za kila mutu. Hajatubu hata kidogo. Anataka filamu zake kwa nusu bei, na kwa tamaa hiyo nyumba tatu za bondeni ziko na intaneti.

Kwa upande wa simu na Bluetooth, bado. Ninawaomba wanafunzi wa informatiki wa Butembo na Beni waangalie hapa: programu yenye inapitisha kwanza ujumbe wa simu zenye zimebeba za wengine, na yenye inafunga kila ujumbe hivi kwamba mwenye kuubeba hawezi kuusoma hata akilazimishwa kwa barieri. La kwanza litajibu batri, la pili litajibu shingo. Bila la pili, mimi mwenyewe sitamuomba mutu wa Kirumba abebe kitu.

Na kuna jambo hatujamaliza. Kode kubwa ya ruta, yenye inabadilisha kanuni zote, iko na mutu mumoja tu. Ni mimi. Jumamosi iliyopita dada mumoja aliuliza kwa sauti juu ya nini, na kama siku moja nikamatwe au nikasirike itakuwaje. Alipendekeza igawanywe vipande vitatu, kwa nyumba tatu, na pasiwe na mutu wa kufungua peke yake. Nilijibu kwamba ni mambo ya ufundi, ni ngumu, tutaangalia. Usiku sikulala vizuri, juu si ngumu. Ni kazi ya nusu saa.

Jumamosi hii tunakutana tena saa nane kwa ile nyumba yenye paa nyekundu, na nitakuja na kode hiyo juu ya karatasi. Mwenye ruta ya kizamani yenye haitumii tena, aje nayo.